Kaye Ndiyo Kitabu: Namna ya Kuandika Somo Darasani

Katika shule nyingi za Bukavu, kuanzia Bagira hadi Panzi, kitabu cha somo ni kimoja tu, nacho kiko mezani pa mwalimu. Mwanafunzi hana kitabu cha jiografia wala cha biolojia. Ana kaye. Atakachosoma kabla ya intero, yaani jaribio la darasani, ni kile alichokiandika humo kwa mkono wake, na akifika darasa la mwisho la sekondari, kaye za miaka kadhaa ndizo atakazozifungua ili kujitayarisha kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Mtihani huo ulianza mwaka 1967, na mtoto wa Kadutu huulizwa sawasawa na mtoto wa Kinshasa mwenye kabati la vitabu nyumbani kwao. Ndiyo maana naona kwamba kuandika vizuri darasani ni haki ya kwanza ambayo mwanafunzi wetu anaweza kujipatia mwenyewe, bila kungoja serikali wala mfadhili.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tulifundishwa kunakili, tukadhani tumefundishwa kuandika. Angalia somo linavyokwenda. Mwalimu anaeleza kwa Kifaransa kwa muda mrefu, wanafunzi wanasikiliza mikono ikiwa imekunjwa. Kisha anaandika muhtasari ubaoni, au anausoma polepole pamoja na nukta na mistari mipya, na hapo ndipo kila mtu anashika kalamu. Kengele ikilia, darasa zima lina maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Yote yaliyosemwa kabla ya muhtasari, yaani sababu, mfano, jibu alilopewa mwenzako aliyeuliza, onyo la mwalimu kwamba watu hukosea hapa, hayapo popote.

Chukua somo la Ziwa Kivu, ambalo hakuna mtoto wa Bukavu asiyelipitia. Ubaoni itaandikwa: «lac de barrage volcanique», mwinuko mita 1.460, kina cha juu kabisa mita 485, mto unaotoka: Ruzizi. Ni mistari minne. Lakini mwalimu mzuri, kabla ya kushika chaki, ameshasimulia mambo makubwa zaidi. Amesema kwamba zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Kwamba volkano za Virunga ziliziba njia, maji yakapanda, mwishowe yakapata mlango wa kusini na kushuka kwa Ruzizi hadi Tanganyika. Ameeleza kwamba chini kabisa ya ziwa kumejaa gesi, methani inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 60 na gesi ya kaboni karibu 300. Pengine amewauliza kama wamesikia habari za Ziwa Nyos kule Kamerun, ambako usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 gesi ya kaboni ilifumuka kutoka ziwani na kuua watu wapatao 1.700.

Mwanafunzi aliyenakili ubao ana namba mbili na majina mawili. Akiulizwa Kivu ina kina gani, atajibu. Akiulizwa kwa nini maji ya Kivu yanakwenda kusini, au kwa nini wanasayansi wanalichunguza ziwa hili kwa makini, hana kitu, ingawa alikuwa amekaa pale pale na masikio yake yalisikia. Basi ushauri wangu wa kwanza, ambao ukiushika peke yake utakuwa umefaidika, ni huu: shika kalamu mwalimu anapoanza kueleza, usingoje aguse ubao.

Utaniambia haiwezekani, mwalimu anasema haraka. Ni kweli. Mtu anayeongea kwa mwendo wa kawaida hutamka maneno zaidi ya mia kwa dakika, na mkono ulio hodari hauandiki hata nusu yake. Kwa hiyo usijaribu kuandika yote. Sikiliza sentensi hadi iishe, kisha andika maneno matatu au manne yanayobeba wazo. Hapo ndipo akili inapofanya kazi, kwa sababu huwezi kuchagua maneno matatu bila kuelewa sentensi.

Walimu wetu pia wana dalili zao, na mwanafunzi makini huzijua mapema. Mwalimu akisema «retenez bien», au akirudia jambo mara mbili, au akipunguza mwendo wa sauti, anakuonyesha kitu anachokithamini. Akisema kuna sababu tatu, andika hapo hapo 1, 2, 3 kwa kushuka, uache nafasi. Ukipitwa na ya pili, nafasi tupu itakukumbusha kwamba kuna kitu kinakosekana. Tumia vifupisho. Wanafunzi wa Kifaransa wana vyao vya siku nyingi: bcp, tjrs, pcq, càd, na kialama cha ° mahali pa «-tion», hivi kwamba «population» inakuwa pop°. Mishale inaokoa muda kuliko yote: Virunga → njia imezibwa → maji juu → Ruzizi. Ila vifupisho unavyojitungia mwenyewe viandike kwenye jalada la ndani la kaye na maana yake, maana mwezi wa sita hutakumbuka ulichomaanisha mwezi wa kumi.

Nakuja sasa kwenye jambo ninaloliona kuwa kubwa zaidi kwetu, na ambalo vitabu vya ushauri vilivyoandikwa Ulaya au Marekani havitakuambia. Mwanafunzi wa Bukavu anasikiliza kwa lugha moja na anaelewa kwa nyingine. Nyumbani ni Kiswahili. Kwa bibi kule Kabare au Walungu ni Mashi. Miaka ya kwanza ya shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili, halafu Kifaransa kikachukua nafasi. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia, na katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Pamoja na hayo, sekondari na chuo vinaendeshwa kwa Kifaransa, na mitihani vilevile. Mtoto anaandika Kifaransa kizuri kutoka ubaoni, anakikariri usiku, anakirudisha kwenye karatasi ya intero, na katika safari hiyo yote maana haikuwahi kupita kichwani mwake.

Ninachopendekeza ni kaye ya lugha mbili. Neno la kitaaluma liandike kwa Kifaransa, kama lilivyo ubaoni, kwa tahajia sahihi, kwa sababu mtihani utalitaja hivyo. Maelezo yake yaandike kwa lugha unayoielewa bila kujikaza. Pembeni ya «lac de barrage volcanique» weka: volkano ziliziba mto, maji yakakusanyika nyuma yake. Pembeni ya «inflation» weka: bei zinapanda, franga ile ile inanunua unga kidogo. Wapo wanaoona aibu kuandika Kiswahili katika kaye ya shule, kana kwamba ni kukiri kwamba Kifaransa kimewashinda. Mimi naona kinyume. Asiyeweza kumweleza mama yake kwa Kiswahili alichojifunza leo bado hajajifunza, hata kama anajua kukisema kwa Kifaransa bila kukosea herufi. Kisha fanya hatua ya pili: jioni, soma maelezo yako ya Kiswahili na uyaseme kwa sauti kwa Kifaransa chako mwenyewe, bila kutazama muhtasari wa mwalimu. Sentensi zitakuwa za kuyumba mwanzoni. Endelea tu, ndizo zitakazokusaidia siku ya dissertation, ambapo hakuna ubao wa kunakili.

Maelezo hayo yatakaa wapi katika kaye? Kuna mpango unaojulikana sana, ulioenezwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kupitia kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu kusoma chuoni. Ukurasa unagawanywa kwa mstari wa wima: upande mpana wa kulia ni wa somo, upande mwembamba wa kushoto ni wa maswali na maneno makuu, na chini kunabaki nafasi ya muhtasari wako mwenyewe. Mpango ni mzuri, lakini umetengenezewa watu wasiohesabu bei ya karatasi. Familia yenye watoto watano shuleni haiwezi kununua kaye mara mbili. Kwa hiyo punguza: chora mstari kwa rula, ukiacha upande wa kushoto upana wa vidole vitatu, basi. Hapo ndipo patakapokaa Kiswahili chako, mifano ya mwalimu na alama ya kuuliza pale ulipopitwa. Nafasi ya chini iache kama karatasi inatosha. Ikiwa shule yako inakagua kaye na haitaki michoro ya ziada, andika pembeni kwa penseli, herufi ndogo. Sijaona mwalimu wa kweli anayekasirika kwa kukuta mwanafunzi ameongeza maarifa.

Juu ya usafi wa kaye nina neno. Tumezoea vichwa vya habari kwa wino mwekundu, maandishi kwa bluu, kila kitu kimepigiwa mstari. Usafi ni mzuri, kwa kuwa kaye isiyosomeka haina faida. Lakini nimeona wanafunzi, hasa wasichana wenye bidii, wakiandika darasani katika kaye ya bruyo, kisha wakitumia jioni nzima kuhamisha somo lile lile neno kwa neno kwenye kaye safi. Wanalala usiku wakiamini wamesoma. Mkono ndio uliosoma. Kama ni lazima uhamishe, basi unapohamisha badilisha: fupisha, panga upya, geuza aya kuwa mchoro, jaza palipokosekana. Kama hubadilishi chochote, acha bruyo yako ilivyo na utumie saa hiyo kujiuliza maswali.

Kujiuliza maswali kuna uzito zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi angepaswa kulijua. Waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Baadhi waliisoma tena na tena. Wengine waliisoma, kisha wakaifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja, mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka zaidi kwa mbali. Intero haiji baada ya dakika tano. Kwa hiyo ule ukanda wa vidole vitatu uugeuze kuwa maswali siku hiyo hiyo: kwa nini Kivu inamwaga maji kusini? Nyos kulitokea nini? Kisha funika upande wa kulia kwa kiganja na ujibu.

Njia hii inafaa mji wetu kwa sababu nyingine. Umeme wa SNEL hukatika, na mtoto anayetegemea kusoma kurasa usiku hukwama. Swali halihitaji taa. Wawili wanaopanda pamoja kutoka shule za Ibanda kuelekea Kadutu wanaweza kuulizana njia nzima, na wakifika nyumbani somo la siku limeshapitiwa. Dada mdogo anaweza kushika kaye na kusoma swali kwa sauti mchana, kaka akajibu huku anachota maji. Mama asiyejua Kifaransa anaweza kusikiliza maelezo ya Kiswahili na kusema, hapo sijaelewa. Hakuna mtahini mzuri kuliko huyo.

Na kwa wazazi nina ombi. Binti akirudi shuleni, mara nyingi anapokelewa na jiko: bugali, sombe, vyombo, mtoto wa kubeba. Kaka yake anapokelewa na kiti. Nusu saa ya kwanza baada ya kufika nyumbani, wakati maneno ya mwalimu bado yako masikioni, ina thamani kubwa kwa yule binti, maana ndipo anapoweza kujaza mapengo ya kaye yake. Mpeni nusu saa hiyo kabla ya kumpa sufuria.

Mapengo hayakosekani. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua yetu ikipiga mabati, mwalimu hasikiki hata na aliye mbele. Wakati huo usilale juu ya dawati. Rudi nyuma ya kaye, soma ulichoandika, weka alama palipo na giza, mwulize jirani. Darasani pia, ukipitwa na neno, usisimamishe mkono kulitafuta. Acha nafasi, weka alama ya kuuliza, songa mbele. Kisha somo likiisha, msogelee mwalimu kwa adabu: «Mwalimu, samahani, sababu ya pili sikuishika vizuri.» Kuuliza hivyo kunaonyesha kwamba ya kwanza na ya tatu umezishika, na walimu wengi humjibu kwa furaha anayeuliza kwa namna hiyo.

Kuna pengo lingine ambalo si kosa la mwanafunzi. Anafukuzwa kwa sababu minervali, yaani ada ya shule, haijalipwa, anakaa nyumbani juma zima, akirudi anaazima kaye na kunakili kurasa kumi asizozielewa. Ukiwa katika hali hiyo, azima kaye mbili za watu tofauti, si moja, kwa sababu kila mmoja ameacha kitu. Na kabla ya kunakili, mwombe mwenye kaye akueleze somo kwa mdomo, kwa Kiswahili, hata dakika kumi. Yeye atafaidika kuliko wewe. Februari 2025, waasi wa M23 walipouingia mji huu na shule kufungwa, waliokuwa na kaye zenye maelezo walikuwa na kitu cha kusoma nyumbani. Waliokuwa na mistari minne ya ubaoni walibaki na mistari minne.

Hisabati na fizikia niziguse kwa ufupi. Huko usiandike jibu tu. Kando ya kila hatua andika kwa nini imefanyika: «tumehamisha x», «tumegawa kwa 2 pande zote». Jioni funika suluhisho la mwalimu na ulifanye zoezi upya. Ukikwama hatua ya tatu, umejua hasa mahali ugonjwa ulipo.

Kwa walioko katika vyuo vya UOB, UCB, UEA, ISP na taasisi nyingine, kishawishi kikubwa kina jina: silabusi. Ukishainunua, au ukishaitoa fotokopi, unaona hakuna haja ya kuandika. Profesa anafuata kurasa, wewe unafuata kwa kidole. Lakini profesa anayeisoma tu silabusi ni mmoja. Wengi huitoka, hutoa mfano wa hukumu fulani, wa mgonjwa, wa shamba la Kabare, na maswali ya mtihani huzaliwa huko. Andika pembeni ya silabusi yenyewe, kila ukurasa, alichoongeza na alichokiruka. Silabusi iliyojaa wino wako ni hati tofauti na ile iliyoko dukani.

Profesa mgeni anayetoka mji mwingine na kumaliza kozi ya saa 45 kwa siku chache, asubuhi hadi jioni, anahitaji mbinu kali zaidi. Ukiahirisha kupitia hadi kozi iishe, umezama. Gawaneni watatu: mmoja anashika mifano, mmoja fasili, mmoja maswali yaliyoulizwa na majibu yake, na kila jioni mnakutana kwa nusu saa, hata kama mmechoka. Kila mmoja bado aandike uti wa somo kwa ajili yake.

Simu nayo ina mahali pake. Kupiga picha mchoro wa seli au jedwali refu ubaoni ni jambo la busara, likifuatwa na kulichora mwenyewe jioni. Kupiga picha ubao wote, kutuma kwenye kundi la WhatsApp na kukaa mikono mitupu ni kuhifadhi somo mahali ambapo hutalitembelea. Kuhusu kompyuta, utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba walioandika kwa kompyuta waliandika maneno mengi zaidi, tena yale yale ya mwalimu, lakini walijibu vibaya zaidi maswali ya kufikiri kuliko walioandika kwa mkono. Majaribio yaliyofuata hayakupata tofauti kubwa hivyo, basi sitamkataza mwenye kompyuta kuitumia. Namwomba tu asiigeuze kuwa mashine ya kunakili, kwa kuwa ugonjwa ni ule ule wa ubaoni.

Ninyi walimu, mnafundisha madarasa yenye watoto wengi kupita kiasi, kwa mshahara mnaoujua ninyi, na bado mnasimama mbele kila asubuhi. Ninalowaomba halihitaji pesa. Futeni desturi ya kusoma muhtasari kuanzia mwanzo wa saa hadi mwisho. Elezeni, na mnapoeleza wawe wanaandika. Kisha waachieni dakika tano za mwisho, ubao ukiwa umefutwa, waandike kwa maneno yao walichoelewa, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, na mpite kati ya madawati kusoma. Anzeni na darasa moja, juma hili.